Kufufua Vipuri Adimu vya Injini ya Gari la Zamani: Haki na Tahadhari za Mlaji

Mazungumzo yaliyotolewa katika mkutano wa elimu kwa walaji

Mada ya leo imetokana na malalamiko yenu wenyewe. Wenye magari ya zamani hufika mezani kwetu na vipande vya chuma vilivyofungwa kwa gazeti au kwa kitambaa chenye oili, na swali lao huwa moja: kipuri hiki hakipatikani tena dukani, nifanye nini, na nitajilindaje nisipotoshwe?

Tuanze na lalamiko ambalo hatukuweza kulimaliza inavyostahili. Tutalisimulia bila kumtaja mtu wala gereji.

Mzee mmoja mstaafu alikuwa na pikapu aina ya Peugeot 504. Kwa gari hilo alipeleka mazao yake mnadani, na majirani walimlipa awabebee ya kwao. Injini ilipoanza kugonga, fundi alimshauri krenkishafti ikachongwe. Mzee aliiacha gereji kwa maneno matupu, akalipa nusu ya ujira, akarudi nyumbani. Baada ya wiki tatu aliambiwa kwamba krenkishafti yake haikufaa tena, akapewa nyingine iliyokwisha kutumika. Hiyo nyingine ilikatika kabla ya miezi miwili kwisha. Aliporudi kuidai ile ya kwake, aliambiwa imekwisha kuuzwa chuma chakavu.

Mzee hakuwa na risiti. Hakuwa na picha. Hakuwa na kipimo wala namba ya kipuri alichokabidhi. Fundi alisema kilikuwa na ufa tangu kilipoletwa, na hapakuwa na mtu wala karatasi ya kuthibitisha vinginevyo. Tuliwaita wote wawili, tukawasuluhisha, na mwisho wa yote mzee alirejeshewa sehemu ya ujira tu. Tulipopata habari zake mara ya mwisho, pikapu ilikuwa chini ya mwembe bila injini, naye sasa hukodi gari la mwingine kupeleka mazao yake.

Wahenga walisema, mali bila daftari hupotea bila habari. Yote tutakayoyaeleza leo yanalenga kumwepusha mwingine na hasara ile.

Kwa nini kipuri huadimika

Gari la Peugeot 504 lilianza kutengenezwa mwaka 1968. Lilipendwa sana Afrika Mashariki, na ushindi wake katika mashindano ya Safari Rally mwaka 1975 na mwaka 1978 uliliongezea sifa. Lakini gari dogo la aina hiyo liliacha kutengenezwa Ufaransa mwaka 1983. Kiwanda kinapoacha kutengeneza gari, huendelea kutoa vipuri kwa kitambo, kisha huacha. Kinachobaki ni akiba ya maduka, vipuri vya magari yaliyovunjwa, na vile vinavyotengenezwa na viwanda vingine.

Vipuri havitoweki vyote kwa pamoja. Plagi, fani belti na chujio huendelea kupatikana kwa sababu hutumika katika magari mengi. Vinavyoadimika mapema ni vile vilivyobuniwa kwa injini moja tu: krenkishafti, kamshafti, silinda hedi, slivu na pistoni zake. Kwa bahati njema, vingi kati ya hivyo vinaweza kufufuliwa, mradi kazi ifanywe kwa vipimo na kwa mpangilio ulio sahihi.

Tafuta kwa kipimo, usitafute kwa jina

Mlaji anayeingia dukani na kuuliza, “Mna beringi ya alteneta ya gari la mwaka 1975?” huenda akajibiwa hakuna, na duka hilohilo likawa nayo rafuni. Beringi za gololi hutengenezwa kwa namba zinazotambulika dunia nzima, na namba hizo huchapwa ubavuni mwake. Beringi yenye namba 6203, iwe ya gari, ya pampu ya maji au ya mashine ya kufulia, ina tundu la milimita 17, kipenyo cha nje cha milimita 40 na upana wa milimita 12. Yenye namba 6204 ni 20, 47 na 14. Isafishe beringi ya zamani, soma namba, kisha ulizia namba hiyo. Herufi zinazoifuata namba nazo zisiachwe, kwani huonyesha kama beringi imezibwa kwa kifuniko au iko wazi.

Ndivyo ilivyo pia kwa oili sili. Hutambuliwa kwa vipimo vitatu: kipenyo cha ndani, kipenyo cha nje na unene. Ukivijua vitatu hivyo, na ukajua kama sili hukaa mahali penye joto la injini, unaweza kuipata katika duka la mashine za viwandani ambalo halijapata kuuza kipuri hata kimoja cha gari lako.

Ziko pia tofauti zisizoonekana kwa jina la gari. Injini ya Land Rover ya lita 2.25, yenye ujazo wa sentimita za ujazo 2,286, ilitumika miaka mingi, na wengi huihesabu kuwa injini moja. Lakini hadi mwaka 1980 krenkishafti yake ilishikwa na meni beringi 3, na baada ya hapo ikashikwa na 5. Krenkishafti ya injini ya beringi 5 haiingii katika bloku ya beringi 3. Mlaji aliyesema “nataka ya Land Rover” tu, akalipa na kuondoka, atajikuta amenunua chuma kizito kisichomfaa. Andika namba ya injini yako, ikiwezekana uipige picha, na uende nayo dukani.

Usikate kabla ya kupata

Kanuni hii ikumbukwe kuliko nyingine zote: chuma kisichongwe kabla kipuri kitakachoshirikiana nacho hakijapatikana na kupimwa.

Tuchukue krenkishafti. Shingo zake huzunguka ndani ya beringi za nusu duara, na kati ya shingo na beringi hupita utando mwembamba wa oili. Nafasi hiyo mara nyingi hukaribia sehemu 5 za mia moja za milimita, yaani huwa nyembamba kuliko unywele wa kichwani wa watu wengi. Shingo ikichakaa au ikikwaruzika, fundi huichonga iwe nyembamba kidogo na iwe duara kamili, kisha hufunga beringi nene zaidi kufidia kilichoondolewa. Beringi hizo hutengenezwa kwa hatua, kwa mfano milimita 0.25 na 0.50. Injini za Uingereza za zamani hutumia inchi, na elfu 10 za inchi hukaribia milimita 0.25.

Sasa fikirini fundi ameichonga shingo kwa milimita 0.50, na mjini kumebaki beringi za 0.25 tu. Chuma kilichoondolewa hakirudi. Kuna njia ya kuongeza chuma juu ya shingo kwa kulehemu au kupulizia na kuchonga upya, lakini ni kazi ya gharama, yenye hatari ya kuipinda krenkishafti au kuitia nyufa, wala si ya kila karakana. Kwa hiyo pima kwanza, tafuta beringi, zishike mkononi, na ndipo utoe ruhusa ya kuchonga. Kanuni hiyo ni ileile kwa silinda na pistoni za ovasaizi: pistoni zije kwanza, zipimwe moja moja, na silinda ichongwe kwa kuzifuata.

Muulizeni fundi kerezo maswali matatu kuhusu krenkishafti. La kwanza, je, ameikagua kama ina ufa? Nyufa nyingi hazionekani kwa macho. Karakana zenye vifaa hutumia sumaku na unga wa chuma, au dawa ya rangi inayopenya, ili ufa ujidhihirishe. Kuchonga krenkishafti yenye ufa ni kutupa fedha. La pili, je, mzingo ulio kwenye kona, pale shingo inapokutana na ukuta wake, utaachwa kama ulivyokuwa? Kona ikichongwa kwa ukali, krenkishafti hukatika hapo, hata kama imeng’aa kama kioo. La tatu, je, uso wa shingo ulikomazwa kiwandani, na uchongaji huu hautaumaliza ugumu huo? Fundi anayeijua kazi yake hatachukizwa na maswali haya.

Slivu na silinda hedi

Injini ya petroli ya Peugeot 504 ya sentimita za ujazo 1,971 ina silinda za kipenyo cha milimita 88. Ndani ya bloku hukaa slivu zinazozungukwa na maji, na kila slivu huzibwa kwa chini isivujishe. Kwa kawaida slivu za namna hii hazichongwi kuwa za ovasaizi. Hubadilishwa pamoja na pistoni zake kama seti. Zisipopatikana, karakana yenye uwezo inaweza kukereza slivu mpya kutokana na bomba la chuma cha kusubu, kwa kufuata vipimo vya ile ya zamani. Ndiyo maana slivu ya zamani haitupwi, hata ikiwa imechakaa: ni kielelezo, na bila kielelezo fundi atakisia.

Hapa pana kosa ambalo limeua injini nyingi. Silinda hedi ikishafunguliwa, hakuna kinachozikandamiza slivu zisisogee. Mtu akiizungusha krenkishafti, pistoni huzinyanyua, mihuri ya chini huachia, na injini ikifungwa maji huingia katika oili. Mlaji ataiona oili imekuwa nyeupe kama maziwa, na pengine atatozwa gharama ya gasketi ambayo haikuwa na kosa. Slivu zote zishikwe kwa vibano mara silinda hedi inapoondolewa. Zikirudishwa, vichwa vyake vitokeze juu ya uso wa bloku kwa kiasi kidogo sana kilichowekwa na kiwanda, na kwa usawa. Mwombe fundi akupimie mbele yako.

Silinda hedi ya injini hiyo ni ya alumini. Gari likichemsha, alumini hupinda. Dawa yake ni kuusawazisha uso kwa mashine, lakini kila usawazishaji huondoa chuma na kuongeza mgandamizo ndani ya silinda. Baada ya kiasi fulani injini hugonga, na hatimaye hedi haifai tena. Kwa hiyo pimeni unene wake kabla na baada, na muandike. Mnaponunua hedi ya mtumba, pimeni unene kwanza, kwani huenda imekwisha kusawazishwa mara nyingi na mwingine.

Kuhusu valvu, wenye injini za petroli za zamani wakumbuke kuwa petroli yenye madini ya risasi iliondolewa sokoni Afrika kusini mwa Sahara mwanzoni mwa mwaka 2006. Hilo lilikuwa jambo jema kwa afya za watu, hasa watoto. Lakini katika baadhi ya injini ambazo valvu ya moshi hukaa moja kwa moja juu ya chuma laini cha hedi, risasi ilikuwa ikikinga kiti cha valvu kisilike. Hedi ya injini ya namna hiyo inapofunguliwa, ni busara kuwekewa viti vya chuma kilichokomazwa. Ni kazi ya kufanywa mara moja, na hudumu.

Mtumba, bandia na cha kutengenezwa upya

Kipuri cha mtumba si kibaya kwa kuwa ni cha mtumba. Mara nyingi cha asili kilichotumika, kikiwa hakina ufa na vipimo vyake vimo katika mipaka, hushinda kipya kisichojulikana kimetoka wapi. Ubaya huja pale cha mtumba kinapong’arishwa, kikatiwa boksi lenye nembo na kuuzwa kuwa kipya. Angalieni maandishi ya boksi kama yana makosa ya tahajia, namba iliyochapwa juu ya chuma kama inalingana na ya boksi, na alama za spana kwenye kipuri kinachodaiwa kuwa hakijapata kufungwa popote. Kipuri kipya hakina alama za spana.

Kipuri kilichotengenezwa upya na fundi wetu wa hapa nacho kina heshima yake. Vyuo vya VETA hufundisha ukerezaji, na Shirika la Kuhudumia Viwanda Vidogo, SIDO, limekuwapo tangu mwaka 1973. Asiyejua pa kuanzia anaweza kuulizia huko ni nani mwenye mashine na ujuzi. Lakini kipuri cha namna hii kiitwe kwa jina lake. Atakayekiuza aseme ni cha kutengenezwa, kwa chuma gani, na kwa kufuata kielelezo kipi.

Sheria inasema nini

Sheria ya Uuzaji wa Bidhaa, Sura ya 214, inataka bidhaa inayouzwa kwa maelezo ilingane na maelezo hayo. Aidha, mnunuzi akimweleza muuzaji anayefanya biashara hiyo matumizi anayoyakusudia, naye akategemea ujuzi wake, bidhaa inapaswa kufaa kwa matumizi hayo. Kwa hiyo msiseme tu, “Nipe hiyo.” Semeni: “Nataka ya injini hii, namba hii,” na muombe maneno hayo yaandikwe kwenye risiti. Mjue pia kwamba mtu aliyekikagua kipuri mwenyewe kabla ya kununua hawezi baadaye kulalamikia kasoro ambayo ukaguzi ule ulipaswa kuifichua.

Sheria ya Ushindani ya mwaka 2003 inakataza kumpotosha mlaji katika biashara. Bidhaa bandia ziripotiwe Tume ya Ushindani, na masuala ya ubora na viwango yapelekwe Shirika la Viwango Tanzania.

Kuhusu kipuri ulichokiacha gereji, Sheria ya Mikataba, Sura ya 345, humtaka aliyekabidhiwa mali ya mwenzake aitunze kama mtu mwenye busara ya kawaida angetunza ya kwake. Fundi hana ruhusa ya kukiuza chuma chakavu kwa kudhani hukihitaji. Nanyi mkumbuke haki ya fundi: aliyemaliza kazi kama mlivyokubaliana anaweza kukishikilia kipuri hadi alipwe ujira wake. Mlaji anayekwepa kulipa kazi iliyofanywa vizuri hatapata utetezi kwetu.

Lakini haki isiyo na ushahidi ni kama gari lisilo na injini. Mzee wa pikapu alikuwa na haki hizi zote.

Karatasi moja ya kuandikiana

Kabla ya kukikabidhi kipuri, andikianeni karatasi moja, nakala mbili, na kila mmoja atie sahihi. Wala isichukuliwe kuwa ni kumvunjia fundi heshima. Mwambieni kwa upole kwamba inawalinda nyote wawili. Iwe na mambo haya:

1. Jina la kipuri, namba iliyochapwa juu yake, na alama mliyoiweka wenyewe kwa msumari au rangi, mahali pasipo na kazi.
2. Vipimo na hali yake siku ya kukabidhi, pamoja na picha. Kama ufa upo, uandikwe; kama haujaonekana, nalo liandikwe.
3. Kazi itakayofanywa na kipimo kitakachofikiwa, kwa mfano “kuchonga hadi 0.25”. “Kutengeneza” peke yake hakutoshi.
4. Bei, malipo ya awali na siku ya kumaliza.
5. Kwamba hakuna kitakachobadilishwa, kuongezwa wala kutupwa bila mwenyewe kuulizwa, na kwamba vipande vyote vya zamani vitarudishwa kwake.
6. Muda wa dhamana, na kama dhamana inahusu kazi ya kufunga na kufungua pia.

Malipo yafuatwe na risiti ya EFD. Fundi mdogo asiye na mashine ya risiti naye aandike kwa mkono jina lake, tarehe na kiasi alichopokea.

Neno la mwisho

Mabibi na mabwana, hatukuja kuwashawishi kwamba kila gari la zamani lifufuliwe. Kuna wakati bloku imepasuka mahali pasipolehemeka, au gharama ya kazi imezidi faida ya gari. Fundi mwaminifu atakwambia hivyo mapema, na ushauri huo ni huduma, nao unastahili kulipiwa. Ombeni makadirio kutoka karakana mbili kabla ya kuamua.

Lakini tumeona pia magari yaliyohukumiwa kufa yakirudi barabarani kwa sababu mwenyewe alikuwa na subira, alihifadhi kila kipande cha zamani, na aliandika. Beringi ya krenkishafti ikipatikana baada ya miezi minne ya kutafuta, si hasara, ikiwa krenkishafti yenyewe bado iko ndani ya sanduku, imepakwa grisi isipate kutu, na ina jina la mwenyewe.

Mzee wetu alituuliza swali moja siku ya mwisho: “Ningefanya nini tofauti?” Tulimjibu kwa unyonge, kwa kuwa jibu lilikuwa jepesi mno na lilikuwa limechelewa. Ninyi mnalipata mapema. Mkitoka hapa, chukueni mfano wa karatasi ya makubaliano pale mlangoni, hautozwi chochote.